Shuka Moja Zaidi

Nilikabidhiwa funguo za stoo ya mashuka siku ileile aliyenitangulia alipofukuzwa kazi. Alikuwa mzee mpole, mtu wa swala tano, na sidhani kama aliwahi kuiba hata kipande cha uzi. Lakini wakaguzi walikuta mashuka kumi na mawili yamo daftarini na rafuni hayamo, naye hakuwa na la kueleza. Alinipa funguo akaniambia, "Mwanangu, mali bila daftari huisha bila habari. Na yenye daftari nayo huisha, ila habari yake utaisikia." Kisha akachukua kofia yake na kushika njia ya Ujiji kwa miguu. Mimi nikaingia stoo na hofu ambayo haikunitoka miaka yote niliyofanya kazi pale.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa Kigoma, imekaa mlimani kidogo, na ukisimama kwenye kamba za kuanikia ulikuwa unaliona ziwa mpaka milima ya ng'ambo, siku isiyo na ukungu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, nimeolewa, nimeachika, nimerudi nyumbani Ujiji kwa mama. Kazi ile niliishika kwa meno.

Mashuka yetu yalikuja kwa majora ya bafta nyeupe kutoka kiwandani. Fundi cherehani wa hospitali aliyakata na kuyapinda, halafu yakaja kwangu, nami nikashona alama ya msalaba mdogo kwenye pembe ya kila shuka kwa uzi wa buluu. Nilishona kwa mkono, moja moja, nikayaandika. Shuka langu lilihesabiwa likitoka wodini chafu, likahesabiwa kwa dobi likiwa limelowa, likahesabiwa kwenye kamba, likahesabiwa tena likiingia rafuni. Dobi alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitahesabu kwanza waliokuja kunizika. Manesi ndio hawakunitania, walinikimbia. Nesi aliyekuja kuomba mashuka mawili aliondoka na moja na maneno ya kutosha mawili. Nilikuwa mkali, na ukali ule niliuita uaminifu.

Baada ya vita vya Uganda nguo zikaadimika. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba kijiji kizima kilipewa kanga jozi kumi katika duka la ushirika, zikapigiwa kura, wanadhani unatunga. Hospitali haikupata tena majora. Ikatoka amri kwamba kila mgonjwa aje na la kulalia kutoka kwao. Basi yakaja ya kila namna: vitenge vilivyopauka, mapazia, kanga mbili zilizoungwa. Vyote vilifuliwa pamoja na mashuka yetu kwa sabuni ya mawese, maana sabuni ya dukani nayo ilikuwa ndoto, na vyote vilitakiwa virudi kwa wenyewe.

Hapo ndipo nilipoona nafasi ya kuonyesha akili yangu. Kitambaa cha mgonjwa nilikitia alama kwa uzi mwekundu pamoja na namba ya kitanda. Kikiwa hakijapindwa, fundi alikipinda kwanza, kwa sababu kingo zisizopindwa zilifumuka kwenye pipa la dobi na nyuzi zake zikayafunga mashuka mengine mafundo. Buluu ya serikali, nyekundu ya mgonjwa. Hata asiyejua kusoma aliweza kutofautisha. Mganga mkuu alipita siku moja akasema stoo hii sasa ina mwenyewe, nikatembea kichwa juu wiki nzima.

Kisha uzi mwekundu ukaisha. Nilizunguka maduka ya mjini, nikazunguka ya Ujiji, nikaomba kwa mafundi wa barazani. Hapakuwa na kibiringo hata kimoja. Uzi wa buluu nilikuwa nao, uliobaki tangu enzi za majora. Nikaamua mwenyewe: nitatumia buluu kwa wote, ila ya hospitali itabaki kwenye pembe na ya mgonjwa nitaishona katikati ya pindo, bila namba ya kitanda ili kuokoa uzi. Nikamwambia fundi, nikamwambia dobi, wakaitikia kama watu wanavyoitikia wakiwa na kazi nyingine. Kwenye daftari sikuandika. Mimi niliyeandika hata pini, jambo lile niliona litakaa kichwani.

Wiki hiyohiyo akaletwa mgonjwa kutoka Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa mtumbwi, mama mtu mzima kidogo kunishinda, macho yamekuwa manjano na tumbo limejaa. Alikuja na mama yake mzazi, bibi mwembamba aliyenyooka mgongo, na binti yake wa miaka kama kumi na minne. Wazee wa bibi yule walikuwa wamevuka ziwa zamani kutoka upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya huko. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi kitambaa kilichokunjwa vizuri sana. Kilikuwa bafta nyeupe, mpya, ndefu, haijapindwa popote, nayo ilinukia kafuri.

"Ina harufu, mama," nilimwambia.

"Imekaa sandukuni, mwanangu," alisema.

Nikadhani kafuri ile ni ya kufukuza nondo. Mimi, niliyezaliwa na kukulia Ujiji, niliyekwisha kusimama chumbani wanawake wakiosha maiti, nikapokea bafta nyeupe yenye kafuri kutoka mikononi mwa bibi kizee, na sikujiuliza ilikuwa imewekewa nini. Nilimpelekea fundi akaipinda. Nikashona msalaba wa buluu katikati ya pindo, nikaipeleka wodini.

Mgonjwa alikaa siku nane. Asubuhi ya siku ya tisa alifariki, na siku ile ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya hesabu. Wakaguzi walitazamiwa Jumatatu. Tangu saa moja nilikuwa nimejifungia stoo nahesabu, na shuka moja lilikuwa halionekani. Nilihesabu mara ya pili, mara ya tatu, nikaenda kwa dobi nikapindua mapipa. Shuka moja. Nilimwona mzee yule na kofia yake akishuka njia ya Ujiji. Nilimwona mama akiniangalia nikirudi nyumbani mara ya pili nimeachwa, safari hii na serikali.

Mlinzi wa getini ndiye aliyenimaliza. Nilimwuliza kama kuna aliyetoka na kitu, akasema, "Hakuna, dada. Wametoka wale wa Mwamgongo na maiti wao, wamemfunika shuka jeupe."

Sikungoja aongeze neno. Nilifunga stoo nikashuka mbio mpaka Kibirizi, ufukweni kwenye mitumbwi, na si karibu. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, dagaa wameanikwa mchangani pande zote, na mtumbwi wa mashine ulikuwa bado haujasukumwa. Marehemu alikuwa amelazwa ndani yake juu ya mkeka, amefunikwa lile shuka, na kanga moja juu yake. Mumewe alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini, na wanaume wawili wa kwao, na bibi na mjukuu wake wameketi ukingoni mwa mtumbwi.

Niliwapa pole. Niliitoa haraka, kama mtu anayelipa nauli. Kisha nikasema kuna shuka la serikali limetoka kwa makosa.

"Shuka gani?" aliuliza mume.

Niliingia majini na viatu vyangu. Niliinua pindo la kanga, nikatafuta kwenye pindo la shuka, nikaona buluu. Sikuangalia iko wapi. Niliona buluu, basi. "Hii hapa alama," nikasema. "Nimeishona kwa mkono wangu mwenyewe." Na kweli nilikuwa nimeishona.

Mume alianza kuja juu. Aliniuliza kama nina mama, kama mama yangu naye nitamvua siku akifa. Bibi aliinama juu ya shuka. Aliutazama msalaba ule, akanitazama mimi, na mimi kwa woga wa ukimya wake nikaanza kusema ovyo. Nilisema hesabu ikipungua nitafukuzwa. Nilisema Jumatatu wanakuja wakaguzi. Nilisema nina watoto wanne na baba yao hayupo.

Sikuwa na mtoto hata mmoja. Hilo ndilo lililoniachisha kwa mume wangu. Sijui kwa nini nilisema wanne.

Bibi aliwaambia wanaume wageuke watazame ziwa, wakageuka. Alilivuta shuka mwenyewe kutoka chini ya kanga, polepole, mkono mmoja ukiizuia kanga isifunuke. Kanga ilikuwa fupi. Ikabaki miguu ya marehemu nje, nyayo zimenielekea mimi, zimepauka na kupasuka kisiginoni kama za mtu yeyote aliyelima. Bibi akavua kanga yake ya kichwani akaifunika miguu ile. Shuka akalikunja mara nne, akanipa kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Chukua."

Nilipanda mlima nimelilaza mkononi. Nasema ukweli: nilikuwa na furaha. Nilijiona mtumishi mwaminifu aliyeokoa mali ya umma. Dobi alilifua, mimi nikaliweka rafuni, na Jumatatu wakaguzi walikuta kila kitu sawasawa, wakaniandikia maneno mazuri.

Wiki tatu baadaye, chumba cha upasuaji walifungua mkebe mmoja wa vifaa waliokuwa hawautumii. Vifaa vilikuwa vimezungushiwa shuka. Nesi akaniletea, anacheka, kwa sababu alijua nitamgombeza. Sikumgombeza. Nililiandika, nikahesabu, ikaja shuka moja zaidi. Nikahesabu tena. Moja zaidi. Upungufu ungekuwa na mwizi wake, lakini zaidi ina nani? Ilibidi niyatandaze yote juu ya meza, moja baada ya moja, nione pembe zake. Karibu na mwisho nikakuta moja ambalo pembe zake zote nne ni tupu, na msalaba uko katikati ya pindo.

Nilikaa chini sakafuni. Wagonjwa kadhaa walikuwa wamekwisha kulilalia, lilikuwa limepita kwenye mawese na jivu na maji ya moto sijui mara ngapi, nami bado nilisikia kafuri. Hapo ndipo akili ilipokubali kile ambacho pua ilijua tangu siku ya kwanza. Wazee wengi hujiwekea sanda yao mapema, wasije wakawatia watoto taabuni. Ile ilikuwa sanda ya bibi. Serikali ilisema kila mgonjwa aje na shuka, na katika nyumba ile kitambaa kizima kilikuwa hicho kimoja, akamtandikia mwanawe. Mwanawe alipokufa akamwachia aende nayo. Mimi nikamfuata mpaka majini nikamvua. Na sanda haishonwi, sisi tulikuwa tumeipinda kwa cherehani pande nne.

Msomaji atauliza kwa nini sikuirudisha kesho yake. Nimejiuliza mwenyewe miaka arobaini. Kitu cheupe hakitoki getini bila barua ya matroni, na barua inataka maelezo, na maelezo yalikuwa yale. Niliogopa kazi yangu, lakini zaidi niliona haya. Nilijiambia nitakwenda mwisho wa mwezi. Kisha mvua zikaanza, ziwa likachafuka, nikashukuru Mungu kwa mawimbi. Mtu anayeshukuru kwa kisingizio ameshajihukumu. Niliitengea rafu yake peke yake, na nilikuwa nikijua wazi kwamba bibi yule amezeeka, hana sanda, na madukani hamna bafta. Kila siku niliyochelewa nilikuwa nabahatisha uhai wake.

Miezi ile sikuwa mzima. Dobi akianika, mashuka yakining'inia marefu karibu na ardhi, nilikuwa naona miguu upande wa pili. Nyayo hizo nilizijua. Zilitembea polepole kati ya safu na safu, na mimi nikizunguka kamba kwenda kuona ni nani, nilimkuta dobi, au simkuti mtu, upepo tu wa ziwa. Mchana kweupe, watu wanapita, redio ya wodini inasema. Sikumwambia yeyote. Nilianza kuhesabu nikiwa nimefumba macho, kwa vidole, nisiangalie chini. Nyumbani mama aliniuliza mbona nanawa mikono kila mara, nikamwambia ni mawese.

Mvua zilipokatika nilichukua wembe, nikafumua mapindo yote manne na msalaba wangu. Nikaomba ruhusa ya siku mbili. Asubuhi nilijizungushia sanda ile mwilini, chini ya gauni, nikafunga kanga juu. Mlinzi akanitakia safari njema. Nilisafiri hivyo mpaka Mwamgongo, na msitu wa Gombe ulipita upande wa kulia sikuutazama. Nilikuwa naipanga kauli moja tu: mama, nimekuletea amana yako, nisamehe.

Nyumba nilionyeshwa na mtu wa kwanza niliyemwuliza. Yule binti alikuwa uani anageuza dagaa kwenye mkeka. Alikuwa amerefuka. Aliponiona alisimama, akanijua palepale.

"Shikamoo, mama wa mashuka."

"Marahaba. Bibi yupo?"

Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Bibi twalimzika wakati wa mvua," alisema.

Sikumbuki niliketi vipi. Nakumbuka niliuliza swali nisilopaswa kuuliza, nalo ndilo pekee nililokuwa nalo. Nilimwuliza walimzika na nini.

"Magunia ya unga, yale meupe ya msaada. Baba aliyafumua, mimi nikayafua. Twaliyafua siku nzima, lakini maandishi hayakutoka yote."

Nilijifungua kanga nikaitoa sanda, nikaiweka mbele yake. Nilimweleza. Uzi mwekundu, uzi wa buluu, pembe na katikati, mkebe wa upasuaji. Nilieleza yote, nikisikia jinsi yanavyosikika kijinga mbele ya mtoto wa watu. Nilimwambia bibi yake hakujua, wala mimi sikujua, lilikuwa kosa la alama.

"Bibi alijua," alisema binti.

Nikamwangalia.

"Kitambaa chake atakosaje kukijua? Alikinunua kwa mawese yake, akakitia kafuri mwenyewe. Mtumbwi ulipofika katikati akamwambia baba. Baba akataka kugeuza mashine arudi akakudai. Bibi akakataa. Akasema, mwacheni, yule ana watoto wanne, akifukuzwa watakula nini? Akasema, wangu amekwisha kwenda, wake wako hai." Aliisukuma bafta kidogo kunirudishia. "Alisema ukija nayo tusiipokee. Ukawafunike watoto."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa pale, uani, mchana, hakuna mwingine anayesikia. Binti yule hakuwa na hasira yoyote usoni mwake, alikuwa ananitazama kama mgeni aliyetoka mbali. Nami niliona kwamba nikisema sina watoto, nitakuwa nimemvua bibi yake mara ya pili, maana imani kwamba amewahifadhi watoto ndiyo aliyojifunika nayo akaenda. Ndivyo nilivyojieleza. Huenda niliogopa tu.

"Hawajambo?" aliniuliza.

"Hawajambo," nikasema.

"Wanaitwa nani?"

Nikamtajia majina manne. Yalitoka bila kukwama, wawili wa kiume na wawili wa kike, nikamwambia wa mwisho bado ananyonya vidole. Alicheka. Akaingia ndani akatoka na kifurushi cha dagaa wakavu, akakigawa mafungu manne kwa majani ya mgomba, kila fungu na kamba yake, ili wasigombane.

Nimefika uzee sijazaa. Majina yale sijawahi kumwambia mtu, lakini nayakumbuka kwa mpangilio wake, na umri niliowapa nimekuwa nikiuongeza kila mwaka bila kutaka. Wangekuwa watu wazima sasa. Jioni ile nilifika Ujiji, nikamwambia mama dagaa nimenunua njiani. Alishangaa kuona wamefungwa mafungu manne, akataka kuwachanganya kwenye chungu kimoja. Nilimzuia. Niliwapika fungu moja moja, siku nne mfululizo, na kila siku nilikula mpaka nikamaliza.